Usikimbilie asidi: hesabu ya maji magumu ya Dodoma kwenye akwaponiki ya nyumbani

Anayeanza akwaponiki (kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yaleyale) Dodoma hukutana na tatizo moja kabla ya mengine yote: mita ya pH, kipimo cha uasidi wa maji, inasoma 8.2 na haitaki kushuka. Ameambiwa kwamba mboga zinataka 6 hadi 6.5, basi anakamua ndimu, anamwaga siki, na ikishindikana anatafuta asidi ya betri. Jioni mita inasoma 7. Asubuhi imerudi 8. Wiki mbili za mchezo huo zikipita, majani machanga ya chainizi yamekuwa ya njano, sato wanahema juu ya maji, na lawama zote zinakwenda kwa maji ya Dodoma.

Maji hayana kosa. Kwa mfumo uliokomaa wenye samaki wa kutosha, maji yetu magumu ni bora kuliko ya mvua peke yake. Kosa ni kupambana na pH, ambayo ni matokeo tu, na kuacha kufuatilia kile kinachoishikilia pale ilipo, yaani alkaliniti. Ukijua alkaliniti ya maji unayoongeza na gramu za chakula unazowapa samaki kwa siku, unaweza kukadiria pH itaelekea wapi mwezi ujao. Hesabu ni ya darasa la saba.

Mfano wetu ni tangi la samaki la lita 1,000 na vitalu viwili vya kokoto vyenye jumla ya mita za mraba 2.4 hivi, ukubwa unaotosha kwenye uani wa nyumba ya kawaida ya Nkuhungu au Ilazo.

Ugumu na alkaliniti si kitu kimoja

Ugumu ni kalsiamu na magnesiamu zilizoyeyuka. Ndiyo inayofanya sabuni igome kutoa povu na kuacha ukoko mweupe ndani ya birika. Alkaliniti ni uwezo wa maji kumeza asidi bila pH yake kuyumba, na kwenye maji ya ardhini inatokana hasa na bikaboneti. Vyote viwili hupimwa kwa miligramu kwa lita, vikihesabiwa kana kwamba vyote ni kalsiamu kaboneti, na hapo ndipo watu wanapovichanganya. Vipimo vya matone vinavyouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo hutumia digrii za Kijerumani, ambapo digrii moja ni miligramu 17.9.

Mara nyingi hivi viwili huja pamoja, lakini si lazima. Kisima kimoja kinaweza kuwa na kalsiamu nyingi iliyofungamana na kloridi na salfeti: maji magumu sana, ladha ya chumvi, ila alkaliniti ya wastani. Kingine kina bikaboneti ya sodiamu: sabuni inatoa povu vizuri tu, mwenye kisima anajisifia maji laini, na pH imeganda 8.6. Kwa hiyo ushahidi wa sabuni na birika haukuambii lolote la uhakika kuhusu pH.

Maji mengi ya bomba ya Dodoma mjini yanatoka visima vya Makutupora, kaskazini mwa jiji, na nyumba nyingine zinachanganya na kisima chao au maji ya boza. Usichukue namba ya jirani. Hapa nitatumia alkaliniti ya 250 na ugumu wa 300 ili hesabu zionekane. Wewe weka za kwako. Maji ya bomba yana klorini pia, na hiyo ni rahisi: yaache kwenye pipa wazi lenye pampu ya hewa kwa saa 24 kabla ya kuyatumia.

Kupima alkaliniti bila kifaa cha gharama

Unahitaji mita ya pH iliyosawazishwa, bomba la sindano la mililita 10, chupa safi, na asidi mpya ya betri. Nasisitiza mpya, kutoka kwenye chupa yenye lakiri: iliyomwagwa kutoka betri kuukuu ina risasi na haifai kwa lolote linalohusu chakula. Ukienda kwa fundi betri au duka la vipuri, sema wazi unachotaka, kwa sababu watu huita "maji ya betri" vitu viwili tofauti: asidi yenyewe, na maji yaliyotoneshwa ya kuongezea. Nunua vyote viwili, maana maji yale ndiyo ya kuzimulia asidi na kusuuzia mita.

Vaa glavu na miwani. Weka maji yaliyotoneshwa kama mililita 800 kwenye chupa, ongeza mililita 10 za asidi taratibu, kisha jaza maji mpaka jumla ifike mililita 900. Siku zote asidi huingia kwenye maji; ukigeuza, ukamwaga maji kwenye asidi, itachemka na kukurukia. Asidi ya betri ya kawaida ina uzito wa takriban gramu 1,265 kwa lita, na ikizimuliwa hivi inakupa kimiminika ambacho kila mililita moja yake ikiingia kwenye mililita 100 za maji unayoyapima inakula alkaliniti ya miligramu 50 kwa lita.

Chukua basi mililita 100 za maji ya bomba, tumbukiza mita, dondosha asidi iliyozimuliwa huku ukikoroga, na simama pH inapofika 4.5. Umetumia mililita 5? Alkaliniti ni 250. Umetumia 3.4? Ni 170.

Kama huiamini asidi uliyonunua, ihakiki. Yeyusha gramu 8.4 za bikaboneti ya soda ya kupikia (si hamira ya unga, yaani "baking powder", ambayo imechanganywa na vitu vingine) katika lita moja ya maji yaliyotoneshwa, chota mililita 100 za hayo, uzijaze tena zifike lita moja. Mililita 100 za mchanganyiko wa mwisho zinatakiwa kutumia mililita 10 kamili za asidi yako. Zikitumia 9, asidi yako ni kali zaidi, na kila mililita ina thamani ya 56 badala ya 50.

Mita za bei nafuu huhama. Zisawazishe kila wiki kwa vimiminika vya 6.86 na 9.18, ambavyo huuzwa kama paketi za unga wa kuyeyusha, na usihifadhi kichwa cha mita ndani ya maji yaliyotoneshwa kwani yanakiharibu. Tumia kimiminika cha potasiamu kloridi. Pima saa ileile kila siku, asubuhi kabla jua halijachoma. Tangi lenye mwani hupanda pH mchana kwa sababu mwani unafyonza kaboni dayoksaidi, kisha hushuka usiku. Anayelinganisha kipimo cha saa kumi jioni na cha saa moja asubuhi anajitafutia ugonjwa wa moyo bure.

Chakula cha samaki ndicho asidi yako

Hapa ndipo penye kiini. Samaki akila protini hutoa amonia. Bakteria wa kwenye kokoto huigeuza kuwa nitriti kisha nitrati, na kazi hiyo hutoa asidi: kila gramu moja ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa inakula gramu 7.14 za alkaliniti. Mboga zikifyonza nitrati hurudisha sehemu ya hiyo alkaliniti, isiyozidi nusu.

Chakula chenye protini asilimia 32 hutoa takriban gramu 3 za naitrojeni ya amonia kwa kila gramu 100 zinazoliwa. Zidisha kwa 7.14, unapata gramu 21 za alkaliniti zinazoliwa kwa kila gramu 100 hizo za chakula, au kama 10 mboga zikifanya kazi yao vizuri kabisa.

Upande wa mapato ni maji unayoongeza. Mfumo wa lita 1,000 kwenye hewa kavu ya Dodoma unaweza kupoteza lita 20 kwa siku kwa mvuke na kwa mboga zenyewe. Ukiwa umefunikwa na neti ya kivuli hupungua, upepo wa kiangazi ukivuma hupanda. Lita 20 zenye alkaliniti ya 250 zinaleta gramu 5.

Sasa weka samaki. Vifaranga 20 vya sato vya gramu 30 kila kimoja wanakula kama gramu 30 kwa siku. Matumizi ni gramu 3 hadi 6, mapato ni 5. Hesabu imelala sawa, na ndiyo maana miezi ya kwanza pH haitoki kwenye 8 hata ufanyeje. Wale sato wakifika gramu 250, jumla kilo 5, watakula gramu 100. Matumizi ni 10 hadi 21, mapato bado ni 5. Kila siku unapungukiwa gramu 5 hadi 16. Akiba iliyomo kwenye lita 1,000 ni gramu 250. Gawanya: wiki mbili hadi saba, imekwisha.

Na haishuki polepole kwa namna ya kukupa onyo. Kutoka alkaliniti ya 250 hadi 100 mita itasogea kidogo sana. Kutoka 50 kwenda chini inaporomoka, 7.2 leo na 6.2 wiki ijayo. Mtu aliyehangaika miezi mitatu kushusha pH sasa anahangaika kuipandisha, na kama katikati ya hapo alikuwa akimimina asidi, aliiteketeza mwenyewe akiba ambayo samaki wangekuja kuitumia.

Lengo zuri ni alkaliniti ya 40 hadi 80. Kwenye tangi lenye samaki, ambamo daima pana kaboni dayoksaidi ya pumzi zao, hiyo inakupa pH ya karibu 7. Mboga zingependa chini ya hapo, bakteria wangependa juu ya hapo, sato hawajali sana. Kung'ang'ania 6.2 kwenye mfumo wa kokoto ni kujitafutia balaa, maana kadiri pH inavyoikaribia 6 bakteria wanazidi kulegea.

Miezi ya kwanza: vumilia 8

Kwa mfumo mpya wenye maji ya bomba la Dodoma ushauri wangu ni kutofanya chochote kuhusu pH. Bakteria hustawi vizuri kwenye 7.5 hadi 8, kwa hiyo kitalu kitakomaa haraka. Hatari iliyopo ni amonia. Kwenye nyuzijoto 25, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia yenye sumu ni kama asilimia 0.6 tu ya jumla, kwenye 8 ni asilimia 5, kwenye 8.5 ni 15. Kwenye 9 ni 36. Kipimo kilekile cha miligramu 2 ambacho mtu mwenye maji laini anakipuuza, kwako kwenye 8.5 ni sumu ya 0.3. Lisha kidogo, pima amonia kila siku, na ikizidi miligramu 1 acha kulisha hadi ishuke.

Panda vitu visivyodeka. Mchicha, spinachi na sukuma wiki vinavumilia 8 na chumvi kidogo. Stroberi na maharage yangoje.

Kinachokosekana katika kipindi hiki ni madini ya chuma. Juu ya 7 chuma hugeuka kutu isiyoyeyuka, na hapo ndipo majani machanga yanapokuwa ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Kutumbukiza misumari hakusaidii, maana kutu ndiyo hiyohiyo. Tafuta chuma kilichofungwa kikemikali, na soma lebo kwa makini kwa sababu aina zinatofautiana: EDTA huanza kuachia chuma pH ikizidi 6.5 hivi, DTPA hustahimili hadi kama 7.5, na EDDHA hufanya kazi hata kwenye 9. Kwa pH ya 8 ni EDDHA pekee yenye thamani ya pesa yako. Kiwango ni miligramu 2 za chuma kwa lita, yaani gramu 33 za EDDHA ya asilimia 6 kwa lita 1,000, na rudia pale majani machanga yanapoanza tena kupauka. Maji yatakuwa mekundu kama choya, samaki hawadhuriki. Baadaye pH ikishuka chini ya 7.5 hamia DTPA ya asilimia 11, gramu 18.

Njano ikianzia kwenye majani ya zamani, chini ya mche, si chuma. Kingo za jani kuukuu zikiungua kama zimebabuliwa na moto, shuku potasiamu: chakula cha samaki kina potasiamu haba, na kalsiamu nyingi ya maji magumu inaibana kwenye mizizi.

Ukiamua kutumia asidi, itumie nje ya tangi

Kuna hali inayohalalisha asidi: samaki wachache, uvukizaji mkubwa, alkaliniti ya bomba 350 au zaidi, na hakuna maji ya mvua. Hapo unatibu maji ya kuongezea, kwenye pipa lake, kabla hayajaona samaki.

Kanuni kwa asidi ya betri isiyozimuliwa: lita za maji, mara miligramu za alkaliniti unazotaka kuziondoa, gawanya kwa 450. Jibu ni mililita. Pipa la lita 200, kutoka 250 kwenda 60: 200 mara 190 gawanya kwa 450, mililita 84. Mimina taratibu pipa likiwa limejaa maji, koroga kwa mti au bomba la plastiki, weka pampu ya hewa, acha saa 24.

Hizo saa 24 si za mapambo. Bikaboneti ikikutana na asidi inageuka kaboni dayoksaidi, na kwa kipimo hiki ni zaidi ya miligramu 150 kwa lita, inayotosha kuwalaza sato chali. Wengi wanaoua samaki kwa kumimina asidi kwenye tangi huamini asidi iliwachoma. Mara nyingi ni gesi hiyo iliyowaziba pumzi, na pH yenyewe ilikuwa bado ndani ya kiwango wanachokivumilia.

Jambo la pili linalowachanganya watu: baada ya kupiga hewa usiku mzima, maji uliyoyatibu yatasoma 7.7 au hata 8. Mtu anaongeza asidi tena. Usiongeze. Gesi imetoka, pH ikapanda, lakini alkaliniti ni 60 kama ulivyokusudia, na maji hayo yakiingia kwenye tangi lenye samaki yatatii. Pima kwa asidi iliyozimuliwa, siyo kwa mita peke yake, na utalala.

Ndimu na siki zina ubaya wake. Asidi zake ni chakula cha bakteria. Wakishaila, bikaboneti inarudi na pH pamoja nayo, huku oksijeni ya samaki ikiwa imetumika njiani. Asidi ya fosforiki haichomi sana mkono, lakini kwa maji yenye alkaliniti kubwa hivi ungelazimika kumimina fosforasi nyingi mno, ambayo ingegandana na kalsiamu na kulisha mwani. Shabu ya kusafishia maji ya tope iache kabisa. Aluminiamu yake ni sumu kwa samaki pH ikishuka.

Na kumbuka asidi haiondoi ugumu. Inakula bikaboneti tu. Kalsiamu yote inabaki, na juu yake umeongeza salfeti.

Mvua ndiyo dawa ya ugumu

Maji yakiruka kama mvuke yanaacha madini nyuma. Lita 20 kwa siku zenye ugumu wa 300 zinaleta gramu 6, na kwa mwezi ni gramu 180. Mboga zinachukua kiasi, kingine kinaganda kama ukoko kwenye pampu, kinachobaki kinalundikana. Alkaliniti inaliwa na bakteria. Ugumu hauna wa kuula kwa kasi hiyo. Mfumo wa mwaka mmoja unaweza kuwa na pH nzuri ya 6.9 na bado mboga zikadumaa kwa chumvi.

Dodoma hupata mvua ya kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Ni kidogo kwa mahindi, ila kwa akwaponiki ni nyingi. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 60, ukitoa asilimia 15 ya upotevu, linakupa lita 51 kwa kila milimita. Simtanki la lita 5,000 linajaa kwa milimita 98 tu. Kiangazi cha siku 225 kwa lita 20 kinahitaji lita 4,500. Yaani tangi moja, likijazwa mapema, linavusha mfumo wako hadi mvua nyingine. Mvua ya kwanza ya Desemba iache ipite, inaosha vumbi la miezi saba na kinyesi cha ndege.

Ila usitumie mvua peke yake kwenye mfumo wenye samaki wakubwa, maana haina alkaliniti ya maana na utaanguka mapema kuliko ulivyohesabu hapo juu. Nusu mvua, nusu bomba ni mahali pazuri pa kuanzia, na simtanki la lita 3,000 litatosha. Samaki wadogo, ongeza mvua. Samaki wakubwa, ongeza bomba. Uwiano huu ndio usukani wako halisi wa pH, na hauhitaji kemikali.

Kokoto na saruji

Ukitibu maji huku kokoto zenyewe zikiyeyuka, unatwanga maji kinuni. Kokoto za granaiti, ambazo ndizo nyingi kuzunguka Dodoma, hazina shida. Tatizo ni mawe meupe laini yanayookotwa kwenye mbuga, yenye chokaa ndani, na wakati mwingine huchanganyika kwenye lori la kokoto za mtoni. Osha kokoto kumi na tano kutoka sehemu tofauti za lundo, zikauke, dondoshea asidi uliyozimulia au siki kali. Ikitoa mapovu ina chokaa. Kwa uhakika zaidi, loweka kilo mbili kwenye ndoo ya maji ya mvua siku tatu kisha pima alkaliniti. Ikipanda zaidi ya 30, tafuta lori lingine.

Tangi jipya la saruji hufikisha pH ya 11 na zaidi. Lijaze, liache wiki, limwage, rudia mpaka maji yaliyokaa humo siku tatu yasome sawa na yale ya bomba. Au tandika turubai la plastiki zito ndani yake na umalize habari.

Akiba ikiisha

Alkaliniti ikifika 40, anza kurudisha. Kwa maji yetu kalsiamu ipo tele, hivyo rudisha kwa potasiamu: gramu 40 za potasiamu bikaboneti, au 28 za potasiamu kaboneti, huongeza alkaliniti kwa miligramu 20 kwenye lita 1,000. Usizidishe hapo kwa siku moja. Yeyusha kwenye ndoo na umimine polepole pale maji yanaporudi kwa kasi. Anayetumia mvua zaidi ya bomba apokezane na chokaa, kwa kuwa kwake kalsiamu haitoshi.

Chokaa ni mbili na zinachanganywa hata na wauzaji. Chokaa ya mifugo, ile ya kwenye chakula cha kuku wa mayai, ni kalsiamu kaboneti: inayeyuka taratibu na haiwezi kuipandisha pH kupita kiasi. Chokaa ya kupaka ukuta ni kalsiamu haidroksaidi: kali, gramu 15 zinafanya kazi ya gramu 40 za bikaboneti, na konzi moja ya kukadiria inaua. Dondoshea siki, ya mifugo inatoa mapovu mengi, ya kupaka ikiwa mpya haitoi karibu chochote. Magadi nisingeyatumia ila kwa dharura ya usiku mmoja, kwa sababu ya sodiamu. Majivu ya kuni yana potasiamu kaboneti, lakini nguvu yake hubadilika kwa kila mti. Ukilazimika, chuja maji yake kwanza na uyapime kwa ile asidi iliyozimuliwa kabla ya kukadiria dozi.

Kinga ya kudumu ni nusu kilo ya magamba ya konokono wa baharini, yale yanayouzwa kwenye maduka ya vyakula vya mifugo, ndani ya mfuko wa neti pale maji yanapopita. Juu ya pH 7.5 yanakaa tu. Maji yakianza kuchachuka yanayeyuka. Yaning'inize, usiyachanganye na kokoto, maana siku utakapotaka kuyatoa hutaweza.

Kosa linaloua samaki wengi kwa usiku mmoja linatokea hapa. pH imeanguka hadi 6, bakteria wamelala, amonia imepanda hadi 5 lakini samaki wanaogelea kwa amani, kwa kuwa kwenye 6 sehemu yenye sumu ni 0.003 tu. Mwenye tangi anaona namba ya 6, anashtuka, anamwaga chokaa ya kupaka, pH inaruka 8.5. Sumu sasa ni 0.76. Asubuhi wote wamegeuka. Kwa hiyo mpangilio ni huu: acha kulisha, pima amonia, ikizidi 1 badilisha theluthi ya maji kwa maji ya mvua kwanza, kisha pandisha pH kwa 0.2 kwa siku, si zaidi.

Hesabu hubadilika na majira. Juni na Julai usiku unashuka hadi nyuzijoto 13 au 14, samaki wanakula nusu, bakteria wanazembea, na pH inapanda bila mtu kugusa kitu. Dozi ya potasiamu ya Machi ukiiendeleza Julai utajikuta kwenye 8. Oktoba na Novemba joto linarudisha ulaji, lakini na uvukizaji pia. Pima alkaliniti kila wiki, pH kila siku, na amonia unapobadilisha kiasi cha chakula.

Pampu itaziba kwa ukoko mweupe hata ukifanya yote sawasawa. Ichomoe kila baada ya miezi miwili, loweka panga zake na mawe ya hewa kwenye siki usiku mmoja, suuza, rudisha. Na mita ya chumvi ikikuonyesha kwamba maji ya tangi yamefika mara mbili ya yale ya bomba, toa robo yake, yamwagie mipapai au migomba, na ujaze kwa mvua.